Chipsi kuku kila jioni, hivi McDonald's walipobanwa walibadilika kweli?

mama_wawili
Wadau habari za jioni, niko Shangani hapa Mtwara. Mwanangu ana miaka saba, tukitoka madrasa lazima tupite kwenye kibanda cha chipsi, asiponunuliwa analia njia nzima na ugali nyumbani hagusi. Juzi nikasimama karibu kabisa na karai nikaangalia mafuta, meusi kama chai ya rangi iliyolala na povu halikatiki, roho ikaniuma maana namlisha mwenyewe kwa hela yangu. Sasa kaka yangu anasema hata McDonald's, ile migahawa mikubwa ya chipsi na baga huko Marekani, walilalamikiwa sana wakarekebisha chakula cha watoto. Ni kweli au walitangaza tu watu wanyamaze? Na huku kwetu namwambiaje muuzaji asione namharibia biashara?

Kusini_Kwetu
Dada kuna ukweli, ila hawakuamka asubuhi wakaona huruma. Mwaka 2004 waliondoa zile saizi kubwa kupita kiasi za chipsi na soda, wakati huo wanasemwa kila kona kuhusu unene. Mwaka 2011 wakatangaza boksi la watoto la Happy Meal huko Marekani litakuwa na vipande vya tufaha na chipsi zipungue kutoka kama gramu 68 hadi 31, hiyo mi naihesabu kwasababu mtoto anamaliza alichowekewa. Baadaye soda ikatolewa kwenye menyu ya hilo boksi lakini mzazi akiiomba anapewa, kwahiyo mlango haukufungwa.
Kwenye mafuta ndo utaona ahadi peke yake haitoshi. Mwaka 1990 waliacha mafuta ya ng'ombe baada ya kelele nyingi, wakahamia mafuta ya mimea, kumbe yale yaliyogandishwa kiwandani nayo ni mabaya kwa moyo. 2002 wakaahidi kuyapunguza, wakachelewa, wakashtakiwa kwamba hawakuwaambia wateja vizuri kuwa wamechelewa, na 2005 wakakubali kutoa dola milioni 8.5 kumaliza kesi. Kwahiyo tangazo likitoka usishangilie, angalia sahani.

fundi_karai
Mimi nakaanga chipsi Lindi mjini mwaka wa nne huu, naongea ninachokijua. Mafuta yakitoa moshi kabla hujaweka kiazi, yakawa mazito na povu linapanda mpaka juu, hayo yamekufa, kuongeza mapya juu yake ni kujidanganya. Mimi kila usiku nachuja kwa kitambaa kwasababu chenga za viazi zikibaki zinaungua na ndo zinaharibu mafuta haraka, na siku ya tatu namwaga. Faida inapungua kweli, dumu la mafuta sio mchezo, ila wateja wangu wanarudi. Dada usimseme mbele za watu, nenda saa kumi kabla hajawasha jiko, muulize mafuta ya lini. Akijua wateja wanaangalia atabadilika, mimi mwenyewe nilianza kuchuja baada ya mama mmoja kuniuliza hivyohivyo. Na chumvi mwambie asinyunyize, utaweka mwenyewe.

bibi_Mikindani
Mwanangu pole. Chumvi WHO wanasema mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku nzima, ni kama kijiko kidogo cha chai, mtoto ndo chini ya hapo, na hawa vijana wanatikisa kopo kama wanamwagilia bustani. Halafu soda ya kushushia mnaisahau. Huyo mtoto usimkatie ghafla, mpe siku moja ya chipsi, siku nyingine mchemshie ming'oko, vile viazi pori vya kwetu kusini, aikute ya moto akitoka madrasa. Wajukuu zangu walianza hivyo, sasa wanagombania ile ya chini ya sufuria.

mama_wawili
Asanteni sana jamani, kaka fundi umenipa cha kusema. Kesho saa kumi nampitia yule kijana. Chipsi zibaki Ijumaa tu na soda hapana, ming'oko nimeshachukua mafungu mawili sokoni leo.