Presha ya jicho baada ya upasuaji wa retina: ni leza gani inayofaa?

Muulizaji:
Ndugu zangu, mama yangu alifanyiwa upasuaji wa retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) iliyobanduka, akawekewa mafuta ya silikoni ndani ya jicho ili kuishikilia. Retina imetulia, lakini presha ya jicho hilo imepanda hadi 34 na matone hayajaishusha. Daktari amependekeza leza ya kupunguza utengenezaji wa maji ya jicho. Kwa nini isiwe ile ya kufungua njia ya maji?

Mchangiaji wa kwanza:
Pole kwa kuuguza. Presha ya kawaida huwa kati ya 10 na 21, nayo hutegemea uwiano wa maji yanayotengenezwa nyuma ya irisi (sehemu yenye rangi inayozunguka mboni) na yale yanayotoka kupitia kichujio kilichoko kwenye pembe ya jicho. Leza ya kichujio hufaa pale pembe inapokuwa wazi na kichujio kingali na uwezo wa kupitisha maji. Mafuta ya silikoni yakimeguka kuwa vitone vidogo huweza kukiziba, au makovu yakaifunga pembe yenyewe, na hapo leza hiyo haina msaada mkubwa. Ndiyo maana huchaguliwa leza ya dayodi, ambayo mwanga wake hupenya weupe wa jicho na kudhoofisha sehemu ya tishu zinazotengeneza maji. Ugumu wake ni kukadiria kipimo: kikipungua, presha hurudi na tiba hurudiwa, kikizidi, jicho hulegea na uoni ukapungua. Kwa maoni yangu, daktari anayeanza na kipimo kidogo anastahili kuaminiwa.

Mchangiaji wa pili:
Kabla ya leza, ulizeni kama mama bado anatumia matone ya steroidi (dawa za kutuliza uvimbe) aliyopewa baada ya upasuaji, kwa sababu kwa baadhi ya watu dawa hizo zenyewe hupandisha presha. Ulizeni pia kama wakati wa kuyatoa mafuta umefika.

Muulizaji:
Ahsanteni sana. Steroidi bado anazitumia, tutamweleza daktari. Je, baada ya leza ataacha matone ya presha?

Mchangiaji wa kwanza:
Asiache dawa yoyote kwa uamuzi wake, zikiwemo hizo steroidi. Nafuu ya leza huonekana baada ya wiki kadhaa, na wengi huendelea na matone, ingawa huenda yakapunguzwa. Mfahamu pia kwamba uoni uliokwisha kupotea kwa mshipa wa fahamu wa jicho kuharibiwa na presha haurudi. Leza inalinda uliobaki, kwa hiyo msikawie. Akipata maumivu makali au uoni ukishuka ghafla, arudi hospitali siku hiyo hiyo.