Pointi 15 za kidato cha sita: nimlete Uingereza au abaki Dodoma?

Kutoka Leicester

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za majukumu.

Mdogo wangu yuko nyumbani Ipagala, Dodoma. Amemaliza kidato cha sita, kombi ya HGL, na matokeo ni divisheni ya tatu, pointi 15: Historia D, Jiografia E, Kiingereza S. Alipoomba chuo kikuu aliambiwa hana sifa. Mama hali vizuri tangu siku hiyo. Anauliza mbona kijana wa jirani ana pointi 15 hizo hizo na amechaguliwa? Baba mdogo naye kapata mtu mjini anayesema akipewa hela ataliingiza jina chuoni.

Mimi nawaza kumleta huku asome mwaka wa fondesheni, yaani wa kujiandaa na shahada, maana vipo vyuo vinavyopokea hata wa kidato cha nne. Nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, kipato si kikubwa, ila nikijibana naweza kuanza. Naomba ushauri wa mtu anayeyajua haya mambo.

Kutoka Chang'ombe, Dodoma

Marahaba mwanangu. Mbukwenyi, wote mlioko mbali.

Nimefundisha sekondari hapa Dodoma na nimekaa sana ofisi ya taaluma, kwa hiyo kila matokeo yakitoka wazazi wenye swali la mama yako hubisha hodi kwangu. Nianze na la jirani, kwa sababu ndilo linalomuumiza mama, na akilielewa atalala.

NECTA, Baraza la Mitihani, wana hesabu yao na TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, wana yao, na hizo hesabu mbili zinakwenda kinyume. Kwa NECTA, A ni pointi 1, B ni 2, hivyo hivyo mpaka E 5, S 6 na F 7. Pointi zikiwa chache ndiyo heri. Mdogo wako ana D, E na S: 4 na 5 na 6, jumla 15. TCU wao hugeuza: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, na S ni nusu. Kisha huchukua masomo mawili tu yanayohusiana na kozi, na mawili hayo lazima yafikishe pointi 4.0. Mdogo wako D yake ni 2, E ni 1. Ana 3. Imebaki moja.

Sasa mtazame kijana mwenye D, D na F. Kwa NECTA ni 4 na 4 na 7, nayo ni 15. Lakini kwa TCU D zake mbili ni 4, anapita. Mwenye C, E na F vilevile: 15 za NECTA, 4 za TCU. Yaani mtoto aliyepata F somo moja kabisa anaingia, na huyu ambaye hana F hata moja anabaki nje. Siwezi kubashiri matokeo ya huyo jirani, lakini jambo hilo linatokea kila mwaka. Mweleze mama polepole, na umwambie hakuna aliyemdhulumu mwanawe.

La pili ni huyo mtu wa baba mdogo. Mwanangu, nakuomba kwa uzito wote, hela hiyo isitoke. Maombi ya chuo yanafungwa kwenye namba ya mtihani ya kidato cha nne, alama zinasomwa moja kwa moja kutoka NECTA. Anachoweza kuuza mtu huyo ni karatasi ya kughushi, na karatasi ya kughushi inamngoja mwenye nayo hata miaka ishirini. Aprili 2017, hapa hapa Dodoma, pale Chuo Kikuu cha Dodoma, Rais Magufuli alikabidhiwa ripoti ya uhakiki wa vyeti: watumishi wa umma 9,932 walikutwa na vyeti vya kughushi. Walikuwemo watu wenye watoto na nyumba nusu zilizosimama kwenye lenta. Wakati ule nilikaa na familia moja iliyopatwa na hilo, na sitaki kukaa na yenu.

Sasa milango iliyo wazi.

Mlango ninaoupenda mimi ni diploma. Kwa vyuo vingi anayetoka kidato cha sita anahitaji ufaulu mmoja wa principo (A mpaka E) na sabusidiari moja (S). Mdogo wako ana principo mbili, Historia na Jiografia. Anasoma miaka miwili, na akimaliza na GPA, yaani wastani wa alama za chuo, ya 3.0 huku cheti chake cha kidato cha nne kina ufaulu wa masomo manne, anaruhusiwa kuomba shahada. Na hana haja ya kupanda basi la Dar. Hapa mjini kuna CBE, yaani Chuo cha Elimu ya Biashara, kuna Chuo cha Mipango, kuna Chuo cha Serikali za Mitaa kule Hombolo, kuna St John's. Achunguze tu kwamba chuo na kozi vyote vimesajiliwa na NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, au TCU, maana kipo chuo chenye usajili kinachofundisha kozi isiyo na usajili.

Najua watu wanavyoiona diploma. Nimesikia wazazi wakisema "karudi nyuma", mtoto yumo sebuleni anasikia. Hajarudi nyuma. Nimewaona waliopitia diploma wakifika mwaka wa kwanza wa shahada ya uhasibu, wanalijua daftari la hesabu wakati wenzao waliotoka HGL moja kwa moja wanauliza debiti ni nini.

Mlango mwingine ni fondesheni ya Chuo Kikuu Huria, OUT, ambao wana kituo Dodoma. Sharti ni pointi 1.5 za hesabu ya TCU kwa masomo mawili, anazo. Lakini ili imfikishe shahada anatakiwa GPA ya 3.0 na C katika masomo matatu ya mkondo wake, na kusoma ni kwa kujisimamia. Kama ni kijana wa kusukumwa asome, usimpeleke huko.

Kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea pia kunawezekana. Akiitoa Jiografia kwenye E akaifikisha D, yaani alama 50, anapata zile 4. Ila ni mwaka mzima nyumbani anasubiri Mei, na macho ya ndugu yapo juu yake.

Huko Uingereza wenyeji waseme. Ninachouliza mimi ni kimoja: kuna mtu amemuuliza mwenyewe anataka kusoma nini?

Kutoka Manchester

Mdogo wangu wa Leicester, nikuongezee upande wa huku. Fondesheni kwa mgeni huzidi pauni 10,000 kwa mwaka, na shahada inayofuata ni zaidi ya hapo, miaka mitatu. Juu yake ada ya afya ya viza, pauni 776 kila mwaka kwa mwanafunzi. Fedha ya kujikimu lazima ikae benki siku 28 mfululizo kabla ya kuomba. Na hili wengi hawaambiwi: kozi ikiwa chini ya ngazi ya shahada, ruhusa ya kazi wakati wa muhula ni saa 10 kwa wiki, si 20. Hawezi kujilipia. Utamlipia wewe, kwa zamu za usiku, na mgongo wako ndio utakaolipa. Kwa ada ya mwaka mmoja wa huku, Dodoma anamaliza diploma na chenji inabaki.

Kutoka Leicester

Asanteni sana. Nimempigia. Kumbe anataka ugavi, HGL ilikuwa ni kupangiwa tu. Ameshachukua maelekezo CBE. Mwalimu, je, mkopo wa Bodi ya Mikopo anaweza kupata kwenye diploma? Na ada nitume kwake au kwa baba mdogo?

Kutoka Chang'ombe, Dodoma

Tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi inakopesha na diploma, lakini kwa fani za kipaumbele kama afya, madini, kilimo na mifugo. Ugavi usiupigie hesabu ya mkopo. Jipange wewe kwa miaka hii miwili, akifika shahada aombe kama wenzake. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, ofisi ya vizazi na vifo, mapema, kwa sababu wengi hukwama hapo dirisha likikaribia kufungwa.

Ada usimtumie mtu yeyote, hata mimi. Chuo kitampa kumbukumbu namba ya malipo, akutumie picha yake, ulipe kupitia hiyo, na risiti abaki nayo yeye. Hela ya chumba na ya kula ndiyo umtumie mkononi, tena kidogo kidogo kila mwezi. Vyumba karibu na chuo huisha wiki ya kwanza ya muhula, lakini yeye yuko Ipagala, daladala zipo. Alale nyumbani kwa mama mwaka wa kwanza.

Baba mdogo nitamtafuta mwenyewe Jumapili baada ya ibada. Sisi ni rika moja, atanisikia.