Naomba ushauri: niendelee na mfululizo wa Eragon au niishie hapa?

Habari zenu, ndugu wasomaji. Mpwa wangu wa kidato cha pili, ambaye ni nadra kumkuta na kitabu kisicho cha masomo, alinisihi nisome riwaya ya Eragon ya Christopher Paolini, iliyotolewa na mchapishaji mkubwa wa Marekani mwaka 2003. Nimeimaliza, na kwa kweli imenivunja moyo. Mwanzo wake unavutia: jiwe la buluu linapasuka, anatoka joka mchanga, na kijana anapomgusa, kiganja chake kinabaki na alama yenye rangi ya fedha. Baada ya hapo karibu kila tukio nililitabiri mapema, kwa kuwa kijana wa shambani ambaye mlezi wake anauawa, kisha akafunzwa na mzee mwenye siri anayekuja kufa kabla ya safari kwisha, nilikwisha kumwona katika filamu ya Star Wars ya mwaka 1977. Isitoshe, mambo yakimzidi mwandishi, shujaa huzimia! (Najua aliianza akiwa na miaka 15, na kwa umri huo ni kazi kubwa.)

Sasa mpwa wangu ameniletea Eldest, kitabu cha pili, kinene kuliko cha kwanza, na kila jioni ananiuliza, “Mjomba, umefika wapi?” Mliokwisha kuvisoma vitabu vyote vinne vya awali, je, masimulizi yanakomaa kadiri mwandishi anavyokua? Na kama hayakomai, nimwelezeje kijana huyu maoni yangu bila kumzimia hamu ya kusoma?