Miró alichoka na shamba au?

mpenda_rangi: Wakuu habari zenu, naomba kueleweshwa. Kuna picha ya Joan Miró, yule Mkatalani wa Hispania, inaitwa Shamba, aliianza 1921 kijijini kwao Mont-roig akaimalizia Paris 1922. Naipenda kupita kiasi, unaona konokono, kopo la kumwagilia, banda la kuku, mkaratusi katikati, kila jani limechorwa. Halafu fungua Mwindaji ya 1923-24, mandhari ya kulekule, mtu amebaki vijistari na kichwa cha pembetatu, mti ni duara lenye jani moja! Alichoka na shamba au ni Paris ilimbadilisha?

binti_brashi: Paris imechangia, alikuwa na studio mtaa wa rue Blomet ukuta kwa ukuta na mchoraji mwenzake André Masson na washairi walikuwa hawaishi pale. Ila mi naona mabadiliko yameshaanza humohumo kwenye Shamba. Angalia shina la mkaratusi linapotokea, ni duara jeusi tii, we umeona wapi udongo wa hivyo? Halafu vitu vya mbali na vya karibu vyote vimechorwa kwa makini yaleyale, hadi nyufa za ukuta. Jicho halioni hivyo, hapo anachora anachokijua. Sasa mtu akishachora anachokijua badala ya anachokiona, kubakiza jicho na masharubu peke yake ni hatua ndogo sana.

Mzee wa Turubai: Naunga mkono, na kuchoka hakuchoka kabisa, huyu alibeba majani makavu ya Mont-roig mpaka Paris ili amalizie ile picha. Hata huyo mwindaji mtazame vizuri, ana kiko mdomoni, ana sikio, ana moyo, pale chini kuna samaki wa sardini na herufi SARD. Mtu wa kijijini na mlo wake, hajaenda popote. Mkuu umeruka picha moja, Shamba Lililolimwa, nayo ni ya 1923-24, ipo makumbusho ya Guggenheim New York, mti wake una sikio na jicho. Anza na hiyo ndo urudi kwa mwindaji.

mpenda_rangi: Asante mzee wangu, asante dada. Nimeifungua sasa hivi, mkulima na ng'ombe wake wapo bado ila wamekuwa umbo tupu, na lile sikio kwenye mti ni kubwa ajabu. Hivi kwanini sikio?

binti_brashi: Kwake kila kitu shambani kilikuwa hai, mti nao unasikia.