Nikitembea leo, kesho kutwa siinuki: mwenye uchovu sugu afanye mazoezi gani?

Mama wa Langoni, Lamu

Asalaam aleikum jamani. Naomba msaada wa yeyote anayeishi na ugonjwa wa uchovu sugu. Nina miaka 43 na nilikuwa mtu wa miguu. Baada ya swala ya alfajiri nilikuwa nashika njia ya pwani mpaka Shela na kurudi, kama kilomita 6, kisha napanda juu kukuna nazi ya mbaazi. Mwaka juzi nikapatwa na homa kali wiki mbili. Homa ikaisha, nguvu hazikurudi. Nimepimwa damu hata nimepoteza hesabu, na daktari wa mwisho, kule Mombasa, ndiye aliyeupa ugonjwa jina.

Sasa kila mtu aniambia nijitahidi, eti mwili ukilazwa hulegea. Ijumaa iliyopita dada yangu akanitoa, tukaenda mpaka gatini tukarudi. Siku ile nilikuwa mzima, nikafurahi. Jumamosi nikafua. Jumapili sikuweza kuinua kikombe cha chai. Mwanga wa dirisha uliniumiza macho, koo likawasha kama naanza mafua, maneno yakanipotea mdomoni. Nililala siku nne. Maumivu nayastahimili. Kinachoniliza ni kutojua nimekosea wapi.

Nyumba yetu ni ya kale, ngazi zimesimama wima na jiko liko juu kabisa, kwenye kidari cha meko. Siwezi kukaa nikitazama ukuta mwaka mzima. Ninyi wenzangu mnafanyaje?

Mvuvi Mstaafu, Malindi

Wa aleikum salaam dada, pole sana. Nilikuwa navuta nyavu, huu ni mwaka wa tano siingii baharini. Kosa hulioni kwa sababu mwili haulipizi siku ileile. Wangu hungoja siku moja, mbili, hata tatu. Jumapili yako ililetwa na Ijumaa na Jumamosi kwa pamoja.

Nunua daftari. Kila jioni andika ulichofanya, na asubuhi uliamkaje. Mimi baada ya mwezi niliona wazi: dakika 10 za kutembea sina neno, 15 zanilaza. Basi natembea 7. Na siongezi kwa kuwa leo najisikia vizuri. Siku nzuri ndizo zilizokuwa zikiniangusha, maana nilikuwa nataka kufidia kazi zote za wiki.

Muuguzi wa Zamu

Mama, wewe si mvivu, na usikubali kuambiwa hivyo. Kwa miaka mingi wagonjwa hawa waliambiwa waongeze mazoezi kidogo kidogo kila wiki. Oktoba 2021, NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba Uingereza, iliuondoa ushauri huo, baada ya wagonjwa wengi kueleza kwamba uliwazidishia maradhi. "Jitahidi" humfaa anayepona mguu uliovunjika. Kwako inaweza kukudhuru.

Kukuna nazi kwenye mbuzi ni mazoezi. Kufua ni mazoezi, ngazi pia, hata kuzungumza na wageni saa mbili. Hesabu yote hayo kabla hujafikiria matembezi. Kusimama peke yake huwachosha wengi wenye ugonjwa huu, mapigo ya moyo yakapanda, kwa hiyo kata vitunguu umeketi, oga umeketi. Ukipata saa ya mkononi inayosoma mapigo, wagonjwa wengi hujaribu wasizidi mapigo 15 kwa dakika juu ya mapigo yao wenyewe wakiwa wamepumzika. Kama unataka mwili usikakamae, jinyooshe kitandani dakika mbili tatu, upumzike kabla hujachoka. Joto la kaskazi nalo ni mzigo, usitoke mchana.

Jambo moja zaidi: ukipungua uzito, ukitoka jasho usiku, ukizimia au kifua kikiuma, rudi hospitali. Usiutwike uchovu sugu kila kitu.

Binti Shela

Mimi niliambiwa najidekeza, na wifi yangu mwenyewe. Nilipoacha kubishana nikapata nguvu ya kwenda madrasa siku mbili kwa wiki. Kubishana nako kunachosha, dada.

Mama wa Langoni, Lamu

Allah awalipe. Nimemsomea mamangu maneno ya muuguzi, amenyamaza kitambo, kisha akaniuliza, "Kumbe nilikuwa nakuumiza?" Tumelia sote wawili.

Jana nilihesabu: nimepanda ngazi mara tisa. Leo asubuhi mwanangu ameteremsha jiko la gesi, liko dakani karibu na mlango, na nazi atakuna yeye akirudi shule. Matembezi yangu yatakuwa mpaka msikiti wa mtaani, niketi barazani, nirudi, kabla jua halijapanda. Shela nimeiweka kando. Inaniuma kuandika hivyo.

Ami mvuvi, nikuulize: siku ukiwa na nguvu unajizuiaje? Mimi nikiamka vizuri najikuta tayari nimeshika ufagio.

Mvuvi Mstaafu, Malindi

Naweka kengele ya simu. Ikilia naketi, hata kama imebaki ndoo moja. Mwanzo nilikuwa naizima naendelea. Sasa mke wangu ndiye anayeishika simu.