Mjadala: Misitu na fukwe za kando ya Dar es Salaam zifunguliwe kwanza kwa nani?

Mtoa hoja:

Ndugu zangu, kila inapozungumzwa habari ya utalii wa ndani katika mji huu, mazungumzo huishia kwenye barabara ya lami mpaka getini na uwanja wa kuegesha magari, kana kwamba mgeni asiye na gari hahesabiki kuwa mgeni. Hoja ninayoiweka mbele yenu ni kwamba fedha za kwanza zitakazotengwa kwa ajili ya maeneo haya zitumike kumfikisha salama mtu aliyeshuka kwenye daladala, anayetembea kwa miguu au anayeendesha baiskeli. Barabara pana ya magari isubiri.

Chukueni Hifadhi ya Mazingira Asilia Pugu-Kazimzumbwi, wilayani Kisarawe, iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Ni sehemu ya misitu ya pwani ya Afrika Mashariki ambayo leo imebaki vipande vipande. Humo anaishi komba mdogo wa Rondo, asiyepatikana popote duniani isipokuwa katika misitu michache ya pwani ya Tanzania, na katika vilima hivyo ndiko yanakoanzia maji ya mto Msimbazi, ule ule unaotufurikia pale Jangwani. Daladala za Kisarawe hupita kando ya vilima hivyo kila siku, yaani usafiri upo tayari. Kinachokosekana ni ule mwendo wa mwisho kutoka kituoni mpaka getini, ambao mtembea kwa miguu huufanya ukingoni mwa barabara ya malori, bila njia yake na bila kibao cha kumwambia amebakiza umbali gani. Hapo ndipo familia ya watu watano inapolazimika kukodi bodaboda tatu kwa bei ya maelewano, na safari iliyokuwa ya nauli ndogo ikageuka kuwa ya wenye uwezo.

Mabasi ya mwendokasi yalipoanza kazi katika barabara ya Morogoro mwaka 2016, tulionyeshwa kwamba inawezekana kujenga njia ya baiskeli na ya waenda kwa miguu sambamba na ya mabasi, hata kama wenye pikipiki na wafanyabiashara huivamia. Awamu ya tatu inafuata barabara ya Nyerere mpaka Gongo la Mboto, na kutoka hapo msitu hauko mbali kwa mwendesha baiskeli. Kwa nini njia hiyo isiendelezwe mpaka Pugu? Pori la Akiba Pande nalo, lililopandishwa hadhi hiyo mwaka 1990 na lililomo ndani ya mkoa wetu wenyewe, lina tatizo lile lile: nimekutana na wakazi wa Mbezi wasiojua lango lake liko upande gani.

Kuhusu ufukwe nina uchungu zaidi. Mtu akivuka na baiskeli yake kwa panton mpaka Kigamboni, akashika njia ya kusini kuelekea Mjimwema na Kimbiji, ataona bahari kwa vipande tu, katikati ya kuta za viwanja na za hoteli. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, lakini mita hizo hazimfai mwananchi ikiwa vichochoro vilivyokuwa vikimfikisha huko vimezibwa kimoja baada ya kingine. Wavuvi na akina mama wanaookota chaza wamekuwa wakipita humo kabla viwanja havijapimwa. Maji yanapokupwa, mtu angeweza kutembea mchangani kutoka kijiji mpaka kijiji kwa saa nyingi. Yanapojaa anahitaji pa kutokea, na leo hana. Ningependa kila baada ya umbali fulani kuwe na njia ya umma iliyopimwa, iliyosajiliwa na yenye kibao.

Saadani siiingizi katika hoja hii kwa namna ile ile. Ile ni hifadhi ya taifa yenye simba na tembo, na hakuna anayetaka watu watembee humo bila askari. Basi liishie getini, na kuanzia hapo gari la hifadhi lichukue abiria.

Mchangiaji, mkazi wa Kisarawe:

Ndugu mtoa hoja, nakuheshimu, lakini sisi tunaoishi huku tunaijua njia ya miguu kwa sura nyingine. Msitu huu umeliwa na mkaa kwa sababu uko karibu mno na jiji. Ukizidisha vijia, umezidisha milango. Gari huandikwa namba getini. Anayetembea ataingilia anapotaka na kutupa chupa zake anapotaka. Tena vijana wetu wa bodaboda wanaishi kwa huo mwendo wa mwisho unaotaka kuufuta.

Mchangiaji mwingine, Mbagala:

Naunga mkono, ila naomba msisahau usalama. Mimi ni mama, na siwezi kumpandisha mwanangu baiskeli kwenye barabara ya Kilwa kwenda msitu wa Vikindu huku malori yakitupita ubavuni. Nikiambiwa nishuke kituoni nitembee na watoto kwenye kichaka nisichokijua, sitakwenda.

Mtoa hoja:

Ndugu yangu wa Kisarawe, mkaa hautoki msituni kwa kupitia getini. Hutoka kwa vijia ambavyo hakuna mgeni anayevipita, saa ambazo hakuna mgeni. Hata hivyo nakubali kwamba njia zikiwa nyingi askari hawatazimudu, kwa hiyo napendekeza njia moja tu iliyowekewa alama, yenye tiketi, saa ya kufunga na mwongozaji kutoka vijiji vya jirani. Vijana wa bodaboda wabaki, wapewe kijiwe rasmi kituoni na bei ibandikwe. Si kila mzee ataweza kutembea, na wateja wao wataongezeka.

Dada wa Mbagala, umesema kweli. Mpaka pawe na njia iliyotengwa na magari kwa ukingo wa zege, mimi pia sitamshauri mzazi apeleke mtoto kwa baiskeli katika barabara kuu. Wewe ungekwenda Vikindu kwa basi, na mwongozaji angekusubiri kituoni kwa saa inayojulikana. Hilo halihitaji ujenzi wowote. Linaweza kuanza mwezi ujao.

Linalonisumbua ni mamlaka. Barabara kuu ni ya TANROADS, za mitaa ni za TARURA, njia za daladala hupangwa na LATRA, na msitu una wakala wake. Mtembea kwa miguu aliye kati ya kituo na geti hana ofisi. Wachangiaji wanaofuata, hasa mliofanya kazi serikalini, naomba mseme: ni nani kati ya hao aanze kubebeshwa jukumu hilo, na kwa kifungu kipi cha bajeti?