Kunguni wamejaa bwenini, hela ya usafi tunatoa, halafu mtoto ndiye anaambiwa mchafu!

Wakuu, leo nina hasira na sitaificha. Binti yangu yuko kidato cha pili, shule ya bweni ya binafsi, ada tunalipa kwa kujinyima. Likizo hii karudi shingo na mikono imejaa vipele vilivyojipanga mstari, vingine vimeshakuwa vidonda kwa kujikuna. Ni kunguni. Nampigia matroni, ananijibu bila hata aibu: "Mama, mwanao apunguze uchafu, mbona wenzake hawalalamiki?" Kumbe maneno hayo hayo alishamwambia mtoto mbele ya bweni zima. Msichana wa miaka 15!

Nani kawadanganya kwamba kunguni anafuata uchafu? Kunguni anafuata joto la mwili na pumzi tunayotoa, na chakula chake ni damu basi. Aliyeoga na asiyeoga kwake ni sawa. Anachohitaji zaidi ni mahali pa kujificha mchana, na mahali penyewe ni vitanda vya shule.

Nilipokwenda kumchukua niliingia bwenini nikaviona. Deka za chuma, ncha za mabomba ziko wazi, chaga za mbao zimepasuka pasuka. Nikainua chaga moja tu. Chini yake vidoti vyeusi vimetapakaa, magamba waliyojivua, na kwenye ufa mayai meupe madogo sana yamegandia. Nikageuza godoro, mshono wote una madoa ya damu iliyokauka. Godoro hilo nilinunua jipya kwa sababu fomu ya kujiunga ilidai: godoro, shuka jozi mbili, chandarua, ndoo, fagio, na chini kabisa mchango wa usafi na dawa ya wadudu. Hiyo dawa ilipigwa wapi?

Mwalimu wa zamu ananiambia "huwa tunapuliza". Binti anasema wanapuliza sakafuni, bweni moja, basi imeisha hiyo. Jamani, dawa nyingi haziui mayai. Yai linaanguliwa baada ya siku 6 hadi 10 hivi, kwa hiyo usiporudia baada ya kama wiki mbili umepoteza hela. Na ukipiga bweni moja, wanahamia la jirani au wanarudi na magodoro na matranka. Msidhani pia kwamba mabweni yakikaa tupu likizo nzima watakufa njaa. Kunguni mkubwa anaweza kukaa miezi bila kunywa damu, akiwasubiri watoto shule ifunguliwe. Chandarua chenye dawa nacho hakisaidii kitu hapa, wameshakuwa ndani ya kitanda, na wengi wao wameshazizoea dawa za aina ile.

Kinachoniuma kuliko vipele ni usingizi. Prepu inaisha saa nne usiku, taa zinazimwa saa nne na nusu, kengele inalia saa kumi na nusu alfajiri. Hayo ni masaa 6. Mtoto wa miaka 13 hadi 18 anatakiwa alale masaa 8 hadi 10 kwa siku. Yaani hata kitanda kingekuwa safi kabisa, tayari wameibiwa usingizi. Sasa hata hayo 6 hawayapati. Binti ananisimulia wanaamka usiku wa manane na tochi kusaka kwenye mishono ya magodoro. Wengine wanabeba shuka wakalale koridoni kwenye sakafu ya saruji. Asubuhi wakisinzia kwenye hesabu wanapigishwa magoti, wanaitwa wavivu. Matokeo yakishuka tunaitwa wazazi tuambiwe mtoto hana bidii. Bidii ataitoa wapi mtu aliyekesha akijikuna?

Na dawa yake inajulikana! Watoto wakiwa likizo mabweni yako tupu, ndio wakati wenyewe. Vitanda vitolewe nje, maji yanayochemka yapitishwe kwenye mabomba na kila ungio, maana joto la nyuzi 50 kwenda juu linaua mdudu na yai. Chaga zilizopasuka zitupwe, nyufa za ukuta zizibwe, mabweni yote yapigwe dawa siku moja na mtu anayeijua kazi, kisha arudie. Hiyo si kazi ya mwanafunzi mwenye ndoo na fagio.

Mkuu wa shule kaniambia suala litazungumzwa kikao cha wazazi muhula ujao. Muhula ujao, mabweni yakiwa yameshajaa! Tranka la binti liko juani nje, nguo zote nimezichemsha, nimeshindwa hata kumruhusu aingize begi chumbani kwa wadogo zake. Barua naandika kwa bodi ya shule, nakala kwa bwana afya wa kata. Kama kuna mzazi humu alishawahi kuibana shule mpaka ikasafisha mabweni, aniambie alianzia mlango gani.